Uvunguni mwa Nairobi

Fundi alipima mara ya pili, akarudisha tepu, akakuna kichwa. "Boss, deka ya watatu itaingia. Shida ni kwamba mlango hautafunguka tena."

Chumba chenyewe ni futi nane kwa tisa. Kwenye mkataba kimeandikwa kuwa chumba cha pili cha kulala, lakini ukiangalia kile kidirisha kilichobanwa karibu na dari utajua kwamba aliyechora ramani alikusudia kiwe stoo. Sisi tunahifadhi watoto. Wako watatu: Akinyi wa miaka minane, na wadogo zake wawili, wa mitano na wa mitatu. Na mtoto haji peke yake. Anakuja na sare, viatu vilivyomkataa lakini havijamtosha mdogo wake, kadi ya kliniki, sweta alilofumiwa na shosho, doli lisilo na mkono ambalo ukithubutu kulitupa hamtalala, na zile katoni na vifuniko vya chupa vya mradi wa CBC ambavyo huenda mwalimu akavihitaji tena, huenda asivihitaji.

Wiki nzima nilikuwa nimekesha kwenye simu nikiangalia picha za vyumba vidogo vya watoto wa Ulaya na Marekani. Wenzetu wanajua kupanga. Rafu mpaka darini, vikapu vya kuning'inia, ngazi ambayo kila kidato chake ni droo. Usiku wa tatu ndipo nilipogundua kwamba karibu kila wazo kati ya hayo linaanza na hatua moja: toboa ukuta. Na sharti la nne la mkataba wangu, kwa herufi kubwa, linasema mpangaji HARUHUSIWI kupiga msumari. Kwa hiyo nikabaki na kile ambacho mpangaji wa Nairobi amebaki nacho siku zote: kitanda, na nafasi iliyo chini yake.

Fundi alipoenda zake, mke wangu alisema kwa upole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "Baba Akinyi, si huyu mkubwa akae na Mama ushago kidogo? Mpaka tupate nyumba ya maana."

Sikumjibu. Mimi mwenyewe niliwahi kupelekwa.

Nairobi haikuanza kama mji wa watu kulea watoto. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa kituo cha mafundi na mabehewa, na hata palipogeuka kuwa makao makuu ya koloni, mawazo ya wakubwa kuhusu Mwafrika mjini hayakubadilika sana: huyu ni mpita njia. Anakuja kufanya kazi, mkataba ukiisha anarudi rizavu alikomwacha mkewe. Kuanzia karibu mwaka 1920 kila mwanamume mzima alitakiwa kubeba kipande, akikitia kwenye kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni. Nikifikiria vyombo vya kuhifadhia vitu katika historia ya mji huu, kile kikebe hunijia kwanza. Serikali iliona umuhimu wa karatasi ya mfanyakazi kuwa na mahali pake. Watoto wake wangejijua.

Nyumba zilifuata fikira hiyohiyo. Reli ilijenga landi za wafanyakazi wake, chumba kando ya chumba, pale Muthurwa. Kanju ikajenga mabweni ya Kariokor mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikaja mitaa kama Shauri Moyo, Starehe na Ziwani. Katika hesabu za maafisa, makazi ya Waafrika yalihesabiwa kwa nafasi za vitanda. Hebu rudia maneno hayo polepole. Familia hazikuhesabiwa, kilichohesabiwa ni sehemu ya kulaza mwili wa mtu mmoja baada ya zamu. Mtoto hana zamu, kwa hiyo hana kitanda, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Na hapohapo Pumwani, mwaka 1926, ilianzishwa hospitali ya uzazi ya Lady Grigg, hiyo ambayo leo tunaiita Pumwani Maternity na ambayo nusu ya marafiki zangu walizaliwa humo. Yaani mji ulikuwa na mahali pa mtoto wa Kiafrika kuzaliwa miaka mingi kabla haujakubali kwamba lazima awe na mahali pa kulala.

Mshahara nao ulikuwa wa kapera. Ulipigiwa hesabu ya mtu mmoja, kwa dhana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba huko rizavu. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri jambo hilo kwa maandishi, ikapendekeza kwamba mishahara isogezwe polepole mpaka mfanyakazi aweze kuishi mjini na familia yake. Maneno mazuri. Lakini Aprili ya mwaka huohuo ndipo ilipoanza Operesheni Anvil, malori yakazunguka mitaa ya Nairobi yakibeba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wanaume wengi wakipelekwa kambini, wanawake na watoto wakirudishwa rizavu. Karatasi ilisema familia ije mjini. Lori lilisema iondoke.

Babu yangu alikuwa Muthurwa miaka hiyo, kibarua wa reli aliyetoka Siaya. Kwa masimulizi ya Dana, bibi yangu, walikuwa wanaume wanne ndani ya chumba kimoja. Hakukuwa na kabati. Ukuta ulikuwa wa reli, hata kitasa kilikuwa cha reli. Kila mtu alikuwa na sanduku lake la mbao lenye kufuli, na kila kitanda kiliinuliwa kwa matofali ili sanduku liingie chini. Ndani ya la babu mlikuwa na blanketi la akiba, suruali ya Jumapili, barua, sabuni, na kitambaa alichofungia pesa za kutuma nyumbani. Nilipokuwa mdogo nikisikia kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, nilidhani methali hiyo ilitungwa na mtu aliyewahi kutembelea nyumba yetu.

Baada ya mavuno Dana alikuwa akiruhusiwa kuja kukaa wiki chache. Wenzake babu wangetafuta pa kulala kwa marafiki, na akishaenda wangerudi, na zamu ya mke wa mwingine ingefika. Safari moja alikuja na baba yangu akiwa mchanga. Pa kumlaza hapakuwepo, kwa sababu kitanda kilikuwa cha mtu mmoja na sakafu ilikuwa ya saruji baridi. Babu alitoa vitu vyote kwenye sanduku, akatandika blanketi, akaegemeza kifuniko ukutani. Baba yangu alilala humo wiki tatu. Asubuhi anatolewa, nguo zinarudishwa ndani. Dana alikuwa akisimulia hadithi hiyo huku akicheka mpaka machozi, na baba alikuwa akitoka nje.

Si kwamba watoto hawakuwepo Nairobi. Walikuwepo tele, hasa Pumwani, ambako kanju ilitoa viwanja lakini watu, wanawake wengi wakiwemo, walijijengea wenyewe zile nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, kila chumba kodi yake. Marjorie Oludhe Macgoye aliiweka riwaya yake ya *Coming to Birth* katika dunia hiyo. Paulina anafika kutoka Nyanza mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kujiunga na mumewe katika chumba cha kupanga. Miaka ya 1940 ilipokuwa ikiisha, kanju ilijenga pia Kaloleni, mtaa uliofikiriwa kwa ajili ya familia, wenye nyasi na ukumbi. Ulikuwa mzuri na ulikuwa mdogo. Wengi waliendelea na chumba kimoja.

Uhuru ulipokuja familia zilikuja nazo, na chumba kilikuwa kilekile. Kuanzia mwaka 1975 mji ukajaribu njia nyingine kule Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja kama 6,000, kila kimoja kikiwa na choo na bafu tayari, mwenye ploti ajijengee vyumba vilivyobaki. Wenye ploti walifanya hesabu ambayo wewe pia ungeifanya. Walijenga vyumba kuzunguka ua, wakakaa katika kimoja au viwili, vingine wakapangisha. Futi kumi kwa kumi. Katika kimojawapo ndimo nilimokulia.

Nikuoneshe chumba hicho, maana sijawahi kuona stoo iliyopangwa kwa akili kama ile. Kitanda cha wazazi kilikaa kona ya mbali, kikiwa juu ya matofali mawili mawili, na pazia la maua kwenye waya. Upande huu wa pazia kulikuwa na viti, meza, na stovu iliyowekwa karibu na mlango. Masanduku mawili ya bati ya kutoka Gikomba, lile la baba la zamani na la shangazi la bweni lenye namba yake ya shule, yalipandana, yakafunikwa kitambaa cha kufuma, yakawa meza ya redio. Debe la unga lilikuwa pia stuli. Sutikesi kubwa, ambayo haikuwahi kusafiri popote, ilijaa blanketi. Na uvunguni kulikuwa na ramani kamili, mama peke yake akiijua: mbele sufuria, katikati godoro letu la sponji lililokunjwa mara mbili, kushoto katoni za nguo za watoto, na nyuma kabisa, ukutani, mikebe yetu ya Kimbo. Kila mtoto alikuwa na mkebe mmoja. Humo unaweka chochote: bano, vifuniko vya soda, sarafu, jino. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mkebe wa mtu haufunguliwi, hata na baba.

Saa tatu usiku viti vilipandana, godoro likavutwa, nasi tukalala kichwa huku miguu kule. Jirani yetu mmoja wa kutoka Lamu ndiye aliyenifundisha jina lake. "Mwalala mzungu wa nne," alisema. Mzungu, katika karata, ni ile yenye picha ya mtu, na ukiitazama utaona ina vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini. Tulicheka sana siku hiyo. Mguu wa kaka yangu ulikuwa mdomoni mwangu miaka mitatu, kumbe mimi ni karata.

Mama huyohuyo alikuwa akituhadithia kuhusu nyumba ya mawe ya kwa bibi yake, yenye zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vilivyochongwa katika lipu ya ukuta wa chumba cha ndani, vyenye sahani za kaure. Nilidhani anaongeza chumvi. Nikiwa mtu mzima nilienda Lamu, nikaingia makumbusho, nikasimama mbele ya ukuta ule. Nisikudanganye kwamba ulikuwa mfumo wa kuwekea sare za watoto. Ulikuwa wa fahari, na watumwa waliolala ghorofa ya chini ya nyumba kama zile hawakuwa na kidaka. Lakini nilichokiona pale ni ukuta wenye mwenyewe. Nyumba ilijengewa binti akiolewa, ukuta ukachongwa kwa sababu hakuna aliyetarajia kuhama mwisho wa mwezi. Sisi wa Nairobi tumejifunza kupanga kuanzia sakafuni kwenda juu, vitu juu ya vitu, vyote vikiweza kubebwa na mkokoteni mmoja kabla ya saa nne asubuhi. Hata mapambo yetu ni ya kufunika. Kile kitambaa cha kufuma kila mtu anakidhihaki siku hizi, lakini kiligeuza sanduku kuwa samani.

Mwaka 1995 mama alijifungua tena. Nilikuwa na miaka sita. Kaka yangu alikuwa ameshaanza shule, na dada aliyenifuata alikuwa bado ananyonya kidole. Katoni yangu uvunguni ikawa ya mtoto mchanga. Sikuambiwa. Niliona tu nguo zangu zimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki wenye mistari, na jioni baba akanishika mkono mpaka Machakos Country Bus. Asubuhi tulikuwa Siaya, na jioni ya siku ya pili baba hakuwepo.

Nilikaa kwa Dana miaka mitatu. Sikuteswa. Nilikula vizuri kuliko wenzangu wa Dandora, nikajifunza kuogelea mtoni, nikapata Kijaluo cha kweli badala ya kile cha kutafuna. Dana aliniambia hata zamani watoto hawakulala chumba kimoja na wazazi. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kusimuliwa hadithi. Mvulana akikua anajenga simba yake kando ya lango. Wakikuyu nao kijana akishatahiriwa alihamia thingira. Boma liliongezeka mtoto alipokua, na mtoto alijua mapema nyumba inayomsubiri. Kwa hiyo, alisema, usilie, uko siwindhe.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na nadhani Dana alikuwa na haki nusu. Siwindhe ilikuwa hatua hamsini kutoka kwa mama. Asubuhi unatoka, unakunywa uji kwa mama, akikuona umekonda anajua. Yangu ilikuwa karibu kilomita 400, na nauli ya basi. Mshahara wa kapera ulipokopa desturi ile uliinyoosha mpaka ikakatika: bibi alibaki palepale, akiwalea wajukuu bure, huku waajiri mjini wakilipa kana kwamba wajukuu hao hawapo. Kamati ya Carpenter ilisema mambo yabadilike. Miaka 41 baadaye nilikuwa ndani ya basi.

Hilo ndilo ambalo picha za mtandaoni haziwezi kujua. Mwenzetu wa kule akisema chumba ni kidogo, anamaanisha vitu vipunguzwe. Kwetu, kikijaa kabisa, kinachohamishwa ni mtoto. Ushago ndiyo stoo yetu kubwa kuliko zote. Huko ndiko kulikopelekwa kabati la zamani, televisheni iliyokufa, masanduku, na mimi.

Nilimpigia mama simu usiku ule. Siku hizi anaishi Siaya, katika nyumba ya Dana, na nyumba ina vyumba vinne na mtu mmoja. Nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kwa nini mimi.

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Wuoda, nilipima," alisema. "Ninyi wote niliwapima. Mkubwa alikuwa shule, karo imelipwa. Huyu mwingine alikuwa na kifua, hangeweza usiku wa basi. Wewe ulikuwa mzima." Kisha akasema, kama anayejitetea mbele ya mtu mwingine kabisa, "Baba yako alitaka ile nafasi ya mkebe wako aweke mafuta ya taa. Nilikataa."

Hilo nililijua, ingawa sikuwahi kuliunganisha. Niliporudi mwaka 1998 nilikuwa nimerefuka, miguu ikizidi godoro, na mdogo wangu wa mwisho alinikimbia kwa sababu hakunijua. Niliinama nikaingia uvunguni mpaka ukutani. Mikebe ilikuwa minne sasa. Wangu ulikuwa na kutu kwenye kifuniko, na bano zote zilikuwemo, kumi na moja.

Mama aliuliza kama nilikuwa nataka kumleta Akinyi. Alisema vyumba vipo, shule ipo karibu, na upweke pia upo; angefurahi. Halafu akasema nisimlete.

Fundi alirudi Jumamosi. Tumekubaliana deka ya wawili, na chini yake kitanda cha tatu chenye magurudumu kinachovutwa usiku, jambo ambalo yeye analiita la kisasa na ambalo mama yangu alilifanya kwa sponji. Miguu ameiongeza inchi nne ili juu ya kile cha kuvutwa iingie mikebe mitatu bapa ya plastiki, kila mmoja na wake. Akinyi ameomba wake uwe na kufuli. Vifaa vya CBC vimehamia juu ya kabati la jikoni. Mlango unafunguka nusu, tunaingia kwa ubavu.